Mpira Kwanza: Ushauri kwa Anayetaka Kuwachezesha Watoto Kriketi Kilolo

Mwalimu wa michezo akiniuliza anunue nini kwanza ili watoto wa shule yake waanze kriketi, simtajii gongo wala wiketi. Namwambia anunue mpira, na uwe laini. Wa tenisi unatosha. Ukishaamua mpira, karibu kila kitu kingine kinajipanga chenyewe: ukubwa wa uwanja, umbali wa wadakaji, nani avae nini, na kama mzazi atakuwa na sababu ya kukosa raha mwanawe akiwa uwanjani. Ukikosea hapo, hakuna kanuni utakayoiandika ubaoni ikakuokoa.

Nayasema haya kwa sababu hamu ipo. Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kucheza Kombe la Dunia la rika lao, lililopangiwa Zimbabwe na Namibia mwaka 2026, na watu ambao hawakuwahi kujali ova, ile zamu ya mipira ya mrushaji mmoja, ni nini wakaanza kuuliza. Kabla ya hapo kriketi ilikuwa mambo ya Dar es Salaam, ya viwanja kama Gymkhana. Wenye kumbukumbu ndefu watakutajia timu ya Afrika Mashariki iliyokwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanaume mwaka 1975, ikiwa na wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ikapoteza mechi zake zote 3. Huku kwetu Kilolo, kuanzia Ilula kwenye lami mpaka Kidabaga na Boma la Ng'ombe kule kwenye ukungu, mfalme ni mpira wa miguu na netiboli inafuata. Kriketi ni mgeni. Lakini ugeni huo una faida yake: hakuna mazoea mabaya ya kuyang'oa. Watoto watashika kile utakachowaanzishia.

Sasa turudi kwenye mpira. Ule rasmi una moyo wa koki uliokazwa kwa uzi na kuvikwa ngozi. Wa wanaume wazima una gramu 156 hadi 163. Wa watoto walio chini ya miaka 13 ni mdogo kidogo, gramu 133 hadi 144, ila tofauti hiyo isikudanganye, maana ugumu ni uleule. Mpira wa tenisi una gramu kama 58. Huo ukimpiga mtoto pajani ataruka, atasugua, atacheka na wenzake. Ule wa ngozi ukimpata pabaya ni habari nyingine kabisa. Novemba 2014 Phillip Hughes, mpigaji wa timu ya taifa ya Australia, kijana wa miaka 25, aligongwa shingoni kwenye mechi pale Sydney akiwa amevaa helmeti, akafariki siku mbili baadaye. Huyo alikuwa mtaalamu, kwenye uwanja mkubwa, madaktari wakiwa karibu. Mtoto wa darasa la tano wa Kidabaga aliyevaa kofia ya kufuma anapaswa kukabiliana na nini?

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza haina mjadala: bila helmeti za kutosha, mpira mgumu hautoki kwenye mfuko. Si kwa ova moja, si mazoezini, wala si siku mgeni rasmi amekuja na boksi la mipira ya ngozi na mpigapicha wake. Mpokee, mshukuru, piga naye picha, kisha boksi lifungiwe ofisini kwa mwalimu mkuu.

Na mipira laini nayo ina ujanja wake. Mpira wa tenisi ukilowa unakuwa mzito, kwa hiyo kuwe na akiba ya mikavu. Ukiuzungushia tepu ya umeme unakwenda kasi zaidi na unauma zaidi. Kwa vijana wa sekondari sina neno, kwa watoto wa msingi acha. Mpira wa kufunga wenyewe, wa matambara na nailoni, unafaa sana kwa wadogo, lakini uutengeneze wewe au uufungue uone ndani. Watoto wakitaka mpira wao uende mbali huwa hawaoni shida kuweka kijiwe katikati.

Gongo nalo linapatikana hapahapa. Mbao za paini Kilolo si za kutafuta, na fundi seremala yeyote anaweza kulichonga ukimpa vipimo. Sheria za kriketi zinaruhusu urefu usiozidi sentimita 96.5 na upana usiozidi sentimita 10.8, ila hivyo ni vya watu wazima. Kwa mtoto, lisimamishe pembeni yake. Mwisho wa mshikio ufike kwenye nyonga, usipite. Mwambie fundi mambo mawili na uyasimamie. Kwanza, mshikio na ubao viwe vya kipande kimoja, bila kuungwa kwa misumari, kwa sababu siku kiungo kitakapoachia, ubao utaruka kama shoka lililochomoka mpini. Pili, likwanguliwe kwa msasa mpaka vibanzi viishe, na mshikio uzungushiwe tyubu kuukuu ya baiskeli ili usiteleze mkono ukilowa jasho. Kila asubuhi ya mechi pitisha mkono juu ya kila gongo. Lenye ufa liende jikoni likawe kuni.

Maana wiki za mwanzo, kinachonitisha mimi ni gongo kuliko mpira. Mtoto anayejifunza hupiga kwa mzunguko mpana na hajui nani kasimama nyuma yake, na wenzake wanaosubiri zamu husogea, kwa sababu kila mmoja anataka kuwa karibu na raha. Chora duara kwa chokaa au majivu kumzunguka mpigaji, hatua 4 kubwa za mtu mzima kila upande, na asiingie mtu humo isipokuwa mlinda wiketi. Wanaosubiri wakae chini, mahali pamoja, nyuma ya kamba, na wasishike magongo. Mpigaji anayerusha gongo baada ya kupiga, aonywe mara ya kwanza. Mara ya pili ametoka. Lazima akimbie nalo mkononi, ingawa sheria za kriketi hazimlazimishi. Utaona wanavyojifunza haraka likishawagharimu mikimbio.

Kwa wiketi, Ilula hukosi tenga la nyanya. Lisimamishe, ng'oa au pigilia kila msumari uliochomoza, na mchezo umeanza. Kweli ni pana kuliko wiketi rasmi, ambayo ina upana wa sentimita 23 hivi na kimo cha sentimita 71, lakini kwa watoto upana huo ni neema: mrushaji anayejifunza hupata matunda ya jasho lake badala ya kurusha ova nzima pembeni. Tenga pia halina vile vijiti vidogo vya juu, na hilo nalo si dogo. Julai 2012 Mark Boucher, mlinda wiketi wa Afrika Kusini aliyekuwa ameshacheza mechi za kimataifa kwa zaidi ya miaka 14, alipigwa jichoni na kijiti cha namna hiyo kilichoruka wiketi ilipogongwa. Hakuwa na helmeti wala miwani. Jicho lilipasuka na safari yake ya kimataifa ikaishia hapo. Siku utakapopata wiketi rasmi zenye vijiti, mlinda wiketi asiye na kinga ya uso asimame nyuma sana, hatua 8 au 10, hata kama mrushaji ni wa polepole.

Uwanja ndio utakaokutoa jasho. Tuchukue uwanja wa shule ya kawaida ya huku kwetu: umeinama, una magoli ya miti, njia ya miguu inaukata kona hadi kona, upande mmoja kuna madarasa na mwingine kuna shamba la mahindi au viazi. Watu wengi hutandika njia ya kurushia kufuata urefu wa uwanja, yaani goli hadi goli, kwa sababu ndivyo macho yalivyozoea. Huko mara nyingi ni kuteremka. Mrushaji wa juu anashuka na kasi asiyoimudu, magoti yanapokea adhabu, na mpira unamfikia mpigaji upesi kuliko umri wake. Ikingamishe njia na mteremko, ncha zote mbili ziwe kimo kimoja. Inapowezekana, ielekee kaskazini na kusini ili asiwepo mtoto anayetazamana na jua la asubuhi au la jioni. Mambo hayo mawili yakigombana, chagua usawa wa ardhi, na jua ulikwepe kwa kucheza likiwa juu.

Urefu wa njia usiwe wa wakubwa. Mita 20.12 za sheria ni za watu wazima na vijana waliokomaa. Australia, ambako mchezo huu wanaupenda karibu kuliko chakula, watoto wa chini ya miaka 11 huchezea mita 16, wakiwa 7 kila upande, na mpaka hauzidi mita 40 kutoka kwa mpigaji. Wa chini ya 13 hupewa mita 18, wachezaji 9, mpaka mita 45. Hivyo ndivyo vipimo ninavyovipendekeza, nawe unaweza kuvipunguza zaidi kama uwanja wako ni mdogo. Njia ikiwa fupi mtoto anaufikisha mpira bila kujikunja mgongo, na mwenzake anapata mpira unaopigika.

Kisha zianze kazi za mikono. Siku moja kabla ya mechi, mwagia maji ile njia, okota kokoto moja baada ya nyingine, halafu bingirisha pipa lililojaa maji mpaka pawe pagumu na sawa. Kokoto moja ya ukubwa wa harage inatosha kuupandisha mpira kutoka magotini hadi kidevuni. Ukipata zulia au mkeka wa nyuzi za nazi, ule ambao kriketi ya Afrika Mashariki imeutumia tangu zamani, uvute ukakamae na uupigilie vigingi pande zote 4, vichwa vya vigingi vizame. Ukingo ulioinuka huangusha watoto kuliko chochote. Mashimo yafukiwe. Nguzo za goli ziachwe nje ya mpaka au zifungwe magunia. Na ile njia ya miguu? Usijidanganye kwamba utaifunga kwa kibao. Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani anapita palepale alipopita jana, na ana haki yake. Mweke mtoto mmoja mkubwa au mzee wa kamati pale inapoingia uwanjani, na mwamuzi asimamishe mchezo kila mtu anapopita. Inachukua nusu dakika.

Shule zilizo kandokando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya ziwe na tahadhari ya ziada. Mtoto akifukuza mpira haoni lori. Upande wa barabara usiwe upande wa kupigia kabisa: panga wiketi hivi kwamba nguvu za wapigaji wengi ziende upande mwingine, na uweke kanuni kwamba mpira ukivuka uzio wa upande ule mpigaji ametoka. Utaona jinsi wapigaji watakavyoipa barabara mgongo.

Hapo ndipo kanuni za mchezo na usalama zinapokutana, na ndipo waalimu wengi wanapokosa ujasiri. Wanadhani wakigusa sheria za kriketi wamefanya kufuru. La hasha. Uingereza kwenyewe, shule za msingi zimecheza kwa miaka mingi mfumo wa jozi ambao mtu wa Gymkhana angeukunjia uso. Kila timu ina wachezaji 8, yaani jozi 4. Kila jozi inapiga ova 2, itoke isitoke. Timu inaanza na mikimbio 200 mfukoni, na kila wiketi inayoanguka inaondoa 5. Mpigaji aliyetoka haendi kukaa. Anabadilishana tu nafasi na mwenzake. Wote wanarusha ova moja moja. Mechi nzima inakwisha ndani ya saa moja na kidogo, na hakuna mtoto aliyetembea kilomita 5 kuja shuleni Jumamosi akaishia kutolewa kwa mpira wa kwanza na kukaa chini ya mti hadi mchana. Mtoto anayekaa chini ya mti bila kazi ndiye anayetafuta gongo la kuchezea nyuma ya mgongo wa mwalimu.

Ongeza kanuni chache zako. Mpira uliokuja bila kudunda ukapita juu ya kiuno uhesabiwe kosa la mrushaji. Uliodunda ukapanda juu ya bega, vivyo hivyo. Ile kanuni ya kutolewa kwa mguu kuuzuia mpira usifike kwenye wiketi iache kabisa kwa wadogo, kwa sababu inaleta ubishi usio na mwisho na hakuna mwamuzi wa huku atakayeikata vizuri. Mrushaji mdogo asiyeweza kunyoosha mkono sawasawa aruhusiwe kurusha kwa chini, mpira udunde mara moja. Kwa vijana wanaopiga mmoja mmoja, mpigaji akifikisha mikimbio 25 apumzike, arudi tu kama wenzake wote wamekwisha.

Wadakaji nao wana mpaka wao. Kanuni za Uingereza kwa mpira mgumu zinakataza mtoto wa chini ya miaka 13 kusimama ndani ya mita 10 kutoka nguzo ya katikati ya wiketi, na wa chini ya 15 ndani ya mita 7 na ushee, mpaka mpigaji awe ameshaucheza mpira. Wanaosamehewa ni wale walio nyuma ya wiketi kwa upande ambao mpigaji ameuelekezea kifua. Mimi nashauri mita 10 hizo zitumike Kilolo hata kwa mpira laini. Sababu ni jicho. Mpira wa tenisi hauvunji fuvu, lakini jicho halina fuvu la kulikinga kwa mbele.

Sasa suala gumu, umri. Kila aliyewahi kupeleka timu kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, anajua neno kijeba, yaani mchezaji aliyezidi umri, na anajua aibu yake. Kwenye mpira wa miguu kijeba anaharibu matokeo. Kwenye kriketi anaharibu mbavu za mtu, kwa sababu kijana wa miaka 16 anayerusha kwa nguvu zake zote mbele ya mtoto wa miaka 11 si shindano tena. Usitumie darasa kama kipimo; darasa la sita la huku linaweza kuwa na mtoto wa miaka 11 na kijana wa 15 kwenye dawati moja. Tumia cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na baada ya hapo tumia macho yako: hata wenye umri sawa, aliyekwisha kubalehe na ambaye bado wasitazamane kwa mpira mgumu. Wasichana na wavulana wa msingi wachanganye bila wasiwasi. Kwa mpira laini sioni sababu ya kuwatenga.

Kuhusu warushaji wa kasi, hapa tuongee polepole, kwa sababu madhara yake hayaonekani siku ya mechi. Mifupa ya mgongo wa chini ya kijana anayekua hupata nyufa ndogondogo ikirudiwarudiwa kupindwa na kukandamizwa, na ndivyo urushaji wa kasi unavyofanya. Ndiyo maana bodi ya kriketi ya Uingereza na Wales kwa miaka mingi iliweka mipaka: chini ya miaka 13, ova 5 kwa mkupuo na 10 kwa siku, chini ya 15, ova 6 kwa mkupuo na 12 kwa siku, chini ya 17, ova 7 na 18. Akimaliza mkupuo anapumzika. Hesabu hizo ziliwekwa kwa watoto wanaoletwa uwanjani na gari. Mtoto wetu huenda alfajiri amechota maji ndoo mbili, amepalilia, kisha ametembea kuja. Mgongo wake umeshafanya kazi kabla ya ova ya kwanza. Msimu wa kuvuna nyanya au viazi, punguza hizo ova kwa theluthi au hata nusu, na mtoto akishika kiuno mwambie akae, hata kama ndiye nyota wako. Daftari la ova za kila mrushaji, mazoezi yakiwemo, linagharimu kalamu tu.

Hali ya hewa ya nyanda hizi ina tabia zake. Juni na Julai asubuhi ni baridi ya kuganda vidole, na kidole kilichoganda hakidaki, kinavunjika. Anza saa 4, baada ya robo saa ya kukimbia na kurushiana taratibu kwa mikono miwili. Ukungu ukishuka kiasi kwamba mdakaji wa mpakani hauoni mpira ukitoka mkononi mwa mrushaji, mnasimama. Kijua kikitoka nacho kinaunguza, baridi isikudanganye, maana tuko juu. Kofia pana na mikono mirefu kwa wote, na kwa mtoto mwenye ualbino hilo ni sharti. Mpe nafasi ya kudaka upande wa kivuli na umpange kupiga mapema. Kriketi ni mmoja wa michezo michache ambayo mavazi yake ya asili, shati la mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana, yanamfaa bila kumfanya aonekane tofauti.

Radi ni jambo zito zaidi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mawingu ya mchana hayachukui muda kugeuka, na nchi hii imeshazika wanafunzi waliopigwa na radi wakiwa shuleni. Mwamuzi ahesabu kuanzia mwanga mpaka ngurumo. Ikiwa ni sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi, na wote waondoke uwanjani, hata kama imebaki mipira miwili na timu yako inaongoza. Waende ndani ya darasa lililojengwa, mbali na madirisha, milango na vyuma, au ndani ya basi lililofungwa. Si chini ya mti, si kwenye kibanda cha mabati kilicho wazi, si kando ya nguzo ya bendera. Kurudi ni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na ngurumo nyingine ikisikika mnaanza kuhesabu upya. Wapo watakaokuambia radi ile imetumwa na mtu. Iwe imetumwa au imekuja yenyewe, dakika 30 ni zilezile.

Tuseme siku imefika na umepata vifaa vya mpira mgumu. Vingi vitakuwa vya msaada, vilivyokwisha kutumika, na hapo ndipo pa kukodoa macho. Helmeti ya mtu mzima kichwani kwa mtoto ni hatari ya namna mbili. Inacheza na kumziba macho. Na uwazi kati ya ukingo wa juu na wavu wa uso umepimwa kwa mpira mkubwa, hivyo mpira wa watoto unaweza kupenya. Chukua mpira wenyewe mtakaotumia, uusukume pale kwenye uwazi kwa kidole gumba. Ukipita, hiyo si helmeti. Yenye ufa au iliyokwisha kupigwa vibaya isitumike tena. Helmeti ya bodaboda haifai. Haina wavu na mtoto hauoni mpira. Kinga za miguu ziwe mbili, glovu ziwe mbili, na wavulana wavae kinga ya kinena, jambo ambalo waalimu huona haya kulitaja na matokeo yake mtoto analia bila kusema anaumwa wapi. Mpigaji aliyesimama upande wa mrushaji naye avae helmeti. Mipira huwa inarudi.

Huduma ya kwanza iwe ya mtu mmoja anayejulikana, si ya kila mtu. Mtoto akigongwa kichwani, mchezo unasimama. Akitapika, akiduwaa, akiuliza jambo moja mara mbili, akisema kichwa kinazidi kuuma au akitaka kusinzia, anapelekwa hospitali. Hata asipoonyesha dalili yoyote, siku hiyo hachezi tena, na mzazi aambiwe kwa mdomo, si kwa kupitia mtoto mwenyewe, amwangalie usiku kucha. Aliyegongwa shingoni alazwe palepale bila kuinuliwa kichwa. Jino likitoka, lishikwe upande wa juu, si wa mzizi, litiwe kwenye maziwa, na safari ianze mara moja. Kidole kilichopinda kisivutwe na mtaalamu yeyote wa kijijini. Kifungwe pamoja na kidole jirani kwa kitambaa. Barafu hutapata Kidabaga, lakini maji ya mto wa huku yanatosha kabisa: lowesha kitambaa, kandamiza, badilisha.

Swali la usafiri lijibiwe Ijumaa, si Jumamosi mtoto akiwa chini. Aliyeumia kichwa au shingo hapakatwi kwenye bodaboda kati ya watu wawili. Tafuta mwenye gari kijijini, mkubaliane bei, namba yake ya simu iandikwe ubaoni pamoja na ya hospitali. Aliye Ilula ana hospitali karibu na lami. Aliye ndani zaidi ajue mapema kama barabara inapitika baada ya mvua, na kama haipitiki, hiyo si siku ya mechi. Barua ya ruhusa ya mzazi iseme wazi aina ya mpira utakaotumika. Watu wazima wasipungue wawili muda wote, wasichana wawe na mwalimu wa kike na mahali pa kubadilishia nguo penye mlango, na mechi iishe kufikia saa 8 mchana ili kila mtoto afike kwao jua likiwepo.

Vifaa viombwe kupitia kwa ofisa michezo wa wilaya, barua iende Chama cha Kriketi Tanzania kule Dar es Salaam. Iandike kwa mpangilio huu: mipira laini kwanza, kisha zulia, kisha mafunzo ya mwamuzi mmoja, na helmeti mwishoni. Kabla hujaandika hilo la mwisho, azima utepe wa fundi cherehani, pima mzunguko wa kichwa cha kila mtoto juu kidogo ya nyusi, na uambatishe orodha ya vipimo. Ukiandika tu kwamba unaomba helmeti za watoto, utaletewa boksi la saizi moja.